Roketi ya mbao na swali la pa kuangukia

Mtu anayetaka kuunda roketi ya mbao mjini Isiolo anaweza kupata karibu kila kitu kabla ya adhuhuri. Plaiwudi ipo, gundi ya epoksi ipo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, msasa haukosekani, na fundi mwenye randa na msumeno wa stima hayuko mbali. Kitakachomkwamisha ni kile ambacho abiria wa basi la Moyale, akitazama dirishani mji ukishaisha, huapa kwamba huku kimejaa tele: mahali pa kuiangushia.

Tuijue kwanza roketi yenyewe. Hatuzungumzii fataki za sikukuu wala makombora ya jeshi. Ni chombo cha urefu wa mita moja na nusu hivi na kipenyo cha sentimita 10, kinachopaa wima, kikafika kilomita moja au zaidi, kikafungua parachuti na kurejea chini kizima ili kirushwe tena. Wanaozirusha huko Marekani, ambako mchezo huu umekomaa, huziweka katika kundi la nguvu kubwa pindi msukumo wa injini unapozidi nyutoni-sekunde 160, yaani nguvu ya injini ikizidishwa kwa muda inaowaka. Injini hupewa herufi, na kila herufi ni maradufu ya iliyotangulia. A huishia nyutoni-sekunde 2.5, H huanzia 160, J ni kati ya 640 na 1,280. Za chini ya H ni za shuleni na za watoto wenye mzazi karibu. Kuanzia H mrushaji hupimwa: sharti aijenge roketi mwenyewe, airushe mbele ya shahidi, na irudi ikiwa katika hali ya kuruka tena. Akitaka J, K au L, kuna na mtihani wa kuandika.

Mchezo huu ulizaliwa kwa ajili ya kuokoa vidole vya vijana. Mwaka 1954 muuza viatu wa mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska, Orville Carlisle, aliunda roketi ndogo ya karatasi na mbao nyepesi, ikiwa na injini ya kutumika mara moja na kubadilishwa. Miaka mitatu baadaye Warusi walirusha Sputnik, na Marekani nzima ikajaa vijana waliotaka roketi zao. Wengi walipika fueli jikoni na kuishindilia kwenye mabomba ya chuma. Ajali zilikuwa nyingi na mbaya. G. Harry Stine, aliyefanya kazi ya roketi katika uwanja wa majaribio wa White Sands, aliona katika kifaa cha Carlisle jibu la tatizo hilo: kijana aunde mwili, injini iachiwe kiwanda. Mwaka 1957 ukaanzishwa muungano wa warushaji ambao kanuni zake zinafuatwa mpaka leo.

Katika kanuni hizo kuna sharti moja linalomhusu fundi seremala moja kwa moja. Mwili wa roketi hauna budi kuwa wa vitu vyepesi: karatasi, mbao, mpira, plastiki, nyuzi za kioo. Chuma hukubaliwa pale tu kinapohitajika, tena kiwe kile kinachopinda badala ya kupasuka vipande. Injini ikilipuka ndani ya mbao, mbao huchanika na kuanguka karibu. Ikilipuka ndani ya bomba la chuma, vipande husafiri kama risasi. Kwa hiyo anayechagua mbao si lazima awe amekosa pesa za kununua kitu bora.

Nalisema hili kwa sababu kuna watu wetu wanaoona haya mbao ikitajwa pamoja na anga za juu. Mwaka 1962 Wamarekani walipotaka kutua chombo cha kupimia mitetemeko mwezini kwa vyombo vyao vya Ranger, walikizungushia mbao ya balsa ili imeze kishindo cha kutua. Safari hizo hazikufaulu, lakini ubaya haukuwa wa mbao. Na Novemba 2024 Wajapani, Chuo Kikuu cha Kyoto kikishirikiana na kampuni ya misitu ya Sumitomo, walipeleka angani LignoSat, setilaiti ya mbao ya mti wa magnolia, kila upande sentimita 10, mbao zake zikiwa zimeunganishwa kwa ufundi wa zamani wa Kijapani usiotumia misumari wala gundi. Waliowahi kusoma habari za mtepe wa Lamu, jahazi lililoshonwa kwa kamba za mnazi, hawatashangaa sana. LignoSat iliachiliwa kutoka Kibo, maabara ya Japani kwenye kituo cha kimataifa cha anga. Mlango wa maabara hiyo hiyo ndio uliotumika tarehe 11 Mei 2018 kuachilia setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi.

Sasa twende karakana.

Plaiwudi ya milimita 3 haikubali kukunjwa ikawa bomba la sentimita 10 bila kupasuka, isipokuwa ile maalumu ya ndege ambayo huku haipatikani. Njia rahisi ni kuacha kutafuta mviringo. Pasua vipande vinane virefu, kila kimoja upana wa milimita 41, kisha randa kila ukingo kwa nyuzi 22 na nusu. Ukivipanga kuzunguka pete za plaiwudi nene na kuvifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka gundi ishike, unapata mwili wa pembe nane. Hauna ulaini wa bomba la kiwandani, na utapoteza kimo kidogo kwa sababu ya kingo zake, lakini ni kazi ambayo fundi wa milango anaweza kuifanya akiwa anaongea na simu. Tatizo lake ni usahihi. Kipande kimoja kikiwa na milimita moja zaidi, mwili unajipinda, na roketi iliyopinda hairuki wima.

Hapo ndipo Isiolo inapomtega fundi. Mbao nyingi hushuka kutoka upande wa Meru, kwenye mvua na ukungu wa Mlima Kenya, hadi mji uliokauka ulio kwenye kimo cha mita 1,100 hivi. Ubao uliokatwa mbichi ukifika huku hupoteza maji kwa haraka, ukanywea upande mmoja kuliko mwingine. Wenye nyumba wanalijua hili kutokana na milango inayofunga vizuri wakati wa mvua na kuacha nafasi ya kupitisha kidole kiangazi kikiingia. Pezi la roketi likifanya hivyo kwa nyuzi mbili tu, chombo kitajizungusha kama pia kikipanda. Plaiwudi husumbua kidogo kuliko ubao mzima kwa sababu tabaka zake zimepishana, lakini si zote. Ile ya bei ya chini, iliyokusudiwa kupigiwa dari, mara nyingi ina mapengo katika tabaka la kati. Ukiikata utaona tundu ukingoni. Hiyo ni ya kuepukwa. Plaiwudi ya maraini, ile ya kutengenezea fremu za kumwagia zege, ni nzito zaidi lakini gundi yake ni ya kuaminika. Na yoyote utakayonunua, iache ilale karakanani, imelazwa bapa, mpaka izoee hewa ya mji kabla hujaichorea kitu.

Mapezi ndiyo yanayotofautisha seremala na mrushaji. Roketi hii huweza kuvuka kilomita 600 kwa saa sekunde chache tu baada ya kuwashwa, na kwa kasi hiyo hewa hulitikisa pezi mpaka ling'oke ikiwa limebandikwa tu juu ya ngozi ya mwili. Dawa yake ni kiungo ambacho kila fundi wa viti anakijua, ulimi na tundu. Pezi la milimita 6 huchongwa likiwa na ulimi. Ulimi huo hupita kwenye mfuo uliokatwa katika ukuta wa mwili, ukaenda kugusa bomba la ndani linaloshika injini, ambalo ni la karatasi ngumu lenye kipenyo cha milimita 38. Pezi hubanwa pia na pete mbili, moja juu ya ulimi na moja chini yake. Gundi huwekwa sehemu tatu: ulimi unapogusa bomba la injini, upande wa ndani wa ukuta, na upande wa nje. Ya nje husawazishwa kwa kidole kilicholoweshwa spiriti ili iwe na mzingo laini. Kazi ikiisha vizuri, ukilishika pezi na kulivuta kwa nguvu zako zote, utavunja mguu wa meza kabla ya kulitoa.

Pua inahitaji mashine ya kukereza au subira. Kaskazini mwa Kenya watu wamekuwa wakichonga kengele za mbao za ngamia tangu zamani, wakizitoboa ndani mpaka ukuta ubaki mwembamba wa kutoa sauti. Mwenye mkono wa kazi hiyo ataweza kuchonga pua iliyo wazi ndani, na uwazi huo ni muhimu, kwa sababu pale ndipo panapotiwa uzito wa kusawazisha.

Usawazishaji wenyewe unaweza kufanywa bila kompyuta. Ning'iniza roketi kwa kamba ikiwa na injini ndani mpaka ilale sawa. Pale kamba iliposhika ndipo kitovu cha uzito. Kisha chora umbo lake la ubavuni kwenye kadibodi, likate, ulipime juu ya ukingo wa rula mpaka lisilalie upande wowote; hapo ni makadirio, ya tahadhari kupita kiasi, ya mahali hewa inapokusanyia nguvu zake. Kitovu cha uzito lazima kiwe mbele ya mahali hapo kwa angalau kipenyo kimoja cha mwili, yaani sentimita 10 kwa roketi yetu. Kikiwa nyuma, roketi itageuka hewani na kuja ilikotoka, ambako ndiko mliko. James Barrowman, mhandisi wa NASA, aliwapa warushaji hesabu iliyo sahihi zaidi katika miaka ya 1960, na leo programu za bure hufanya kazi hiyo papo hapo. Bado mimi ningemwanzisha mwanafunzi na kadibodi. Ataona kwa macho kwa nini mapezi huwa nyuma.

Kuhusu injini sitasema mengi, kwa makusudi. Injini za viwandani husafirishwa kama mali ya hatari. Huwezi kuziweka kwenye basi kama kifurushi cha miraa. Nchini Kenya vilipuzi vina sheria yake, Sura ya 115, na chochote kinachopaa kina Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Kijana anayesoma haya na kufikiri atapita njia ya mkato kwa kujipikia fueli nyumbani asome tena habari za vijana wa Marekani wa baada ya Sputnik. Walio na haki ya kujaribu ni walio ndani ya taasisi yenye maabara, wasimamizi na vibali. Mfano wa karibu uko Juja, katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ambako wanafunzi wa mradi wa Nakuja wamekuwa wakiunda na kurusha roketi za fueli yabisi wanazozipa majina ya N-1, N-2 na kuendelea, pamoja na mhadhiri wao kutoka Japani, Shohei Aoki. Wao hujenga kila kitu wenyewe, kuanzia injini hadi vifaa vya mawasiliano. Juja ina karakana na akili. Kilicho adimu huko ni uwanja, na ndiyo maana mtu hujikuta akiitazama ramani na macho yake kupanda kaskazini.

Hapo kuna hoja moja ya uongo niiondoe mapema. Kila Isiolo inapotajwa pamoja na roketi, mtu mmoja lazima aikumbuke ikweta. Ni kweli kwamba mji uko chini ya nusu nyuzi kaskazini ya mstari huo, na kwamba dunia hapa huzunguka kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa. Kasi hiyo humfaa anayepeleka setilaiti kwenye mzingo. Mwenye roketi ya mbao inayopanda kilomita moja haimwongezei hata shilingi, kwa kuwa hewa, mrushaji, mbuzi na roketi vyote vinasafiri pamoja. Kinachosaidia kidogo ni kimo cha mji: hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya kumi, na roketi hukutana na ukinzani mdogo.

Waliorusha roketi kubwa nchini Kenya waliijua faida ya ikweta, lakini waliijua pia hesabu nyingine. Kuanzia Aprili 1967 hadi Machi 1988, Waitaliano wakishirikiana na NASA walirusha setilaiti tisa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini mbele ya Ngomeni, Malindi. Mojawapo ilipaa tarehe 12 Desemba 1970 na kupewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Roketi iliyotumika, Scout, ilikuwa na hatua nne. Hatua zilizokwisha kazi ziliangukia Bahari ya Hindi, na hakuna aliyepiga kamsa. Ukirusha kuelekea mashariki kutoka Isiolo, mbele yako kuna Garba Tulla, halafu Wajir na Garissa, na watu wao na visima vyao, mamia ya kilomita kabla ya kuona maji ya chumvi.

Walioamua kwamba bara lina nafasi tele walikuwa Wajerumani wa kampuni ya OTRAG, iliyoanzishwa na Lutz Kayser. Katika miaka ya 1970 Rais Mobutu aliwakodishia kilomita za mraba 100,000 katika jimbo la Shaba, Zaire, nchi ya Waswahili wa Kongo (wala si hifadhi yetu ya Shaba hapa Isiolo). Eneo hilo ni karibu kaunti nne za Isiolo zikiwekwa pamoja, na mkataba uliipa kampuni mamlaka makubwa mno juu yake. Walirusha Mei 1977, wakarusha tena Mei 1978, kisha tarehe 5 Juni 1978 wakamkaribisha Mobutu mwenyewe ashuhudie. Roketi ilipanda kidogo, ikaenda upande, ikaanguka. Mwaka uliofuata walifungishwa virago, zaidi kwa shinikizo la mataifa jirani na wakubwa wa dunia kuliko kwa aibu ya siku ile. Katika kelele zote zilizoandikwa kuhusu mkataba huo, Moscow ilisikika na Paris ikasikika. Wenye mashamba ndani ya zile kilomita 100,000 hawakusikika sana.

Isiolo ina kisa chake, tena cha karibu zaidi. Ukivuka mto Ewaso Nyiro kuelekea kaskazini unafika Archers Post, ambako jeshi la Uingereza limekuwa likifanya mazoezi ya silaha tangu zamani. Mabaki yasiyolipuka yaliyoachwa kwenye viwanja vya mazoezi, huko na Dol Dol, yaliua na kulemaza wachungaji, wengi wao watoto waliookota kitu wasichokijua. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wasamburu na Wamasai zaidi ya 200 jumla ya pauni milioni 4.5. Sasa mfikirie mtoto wa miaka kumi, nyuma ya mbuzi, anakuta kichakani chombo kirefu chenye ncha, mapezi matatu na harufu ya baruti. Ana haki ya kukimbia. Asipokimbia, akakiokota, ndipo tunapopaswa kuogopa sisi.

Maana roketi ya mbao nayo haiji chini ikiwa haina hatia kabisa. Pua hutenganishwa na mwili kwa baruti kidogo inayolipuka kileleni ili parachuti itoke. Mfumo ukikwama, baruti hiyo hushuka nayo ikiwa hai. Kwa hiyo mrushaji wa Isiolo ana kazi ambayo mwenzake wa jangwa la Nevada haifikirii sana: kupaka rangi inayoonekana kutoka mbali, ya machungwa au waridi kali, na kuandika ubavuni kwa Kiswahili, Kiborana, Kisamburu na Kisomali kwamba kifaa hiki kisiguswe, pamoja na namba ya simu. Afadhali zaidi, afike kila boma lililo karibu na kukionyesha mkononi kabla hakijapaa.

Pa kurushia ni wapi basi? Sheria ya Marekani, ambayo ni kipimo kizuri hata kwa asiyefungwa nayo, inakataza kurusha roketi za nguvu kubwa ndani ya kilomita 9 na robo kutoka uwanja wa ndege bila idhini, usiku, mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, au ndani ya mita 457 kutoka kwa watu wasiohusika. Chora duara hilo kuzunguka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Isiolo, unaokaa mpakani na Meru, na mji wote umekwisha. Ondoa maeneo ya jeshi, ambayo Isiolo si haba. Shule ya Askari wa Miguu iko hapa. Ondoa hifadhi za Buffalo Springs na Shaba, zenye viwanja vyao vya ndege ndogo na tembo wasiopenda kushtuliwa. Kinachobaki ni malisho, kuelekea Merti, Kinna na Garba Tulla.

Na malisho ndiyo ardhi inayoitwa tupu na wapita njia. Waborana wa Waso, yaani wa pande za mto Ewaso Nyiro, huigawa kwa misimu. Mvua za ganna, kati ya Machi na Mei, na za hagaya, mwishoni mwa mwaka, zikinyesha, mifugo hutawanyika mbali na mto kwenye nyasi mpya na maji ya madimbwi. Kiangazi kikikaza, hurudi karibu na mto na visima vya kudumu, na malisho ya mvua huachwa yapumzike. Wazee wa dedha, yaani wa eneo la malisho, ndio wanaosema lini na wapi. Kisima nacho kina aba herega wake anayepanga zamu ya kunywesha. Yule abiria wa basi anayeona tambarare isiyo na ng'ombe hata mmoja anatazama ghala lililofungwa. Mwenye ufunguo anaketi kivulini, pengine mwendo wa siku nzima kutoka hapo, na tangu mwaka 2016 kuna Sheria ya Ardhi ya Jamii inayomtambua.

Kwa mrushaji hii ni habari njema, akiwa na adabu ya kuuliza. Hakuna ramani itakayomwambia ni lini bonde fulani halitakuwa na mtu. Wazee watamwambia kwa miezi, na huenda wakamwongezea sharti la kutowasha chochote nyasi zikiwa zimekauka. Sharti hilo lina maana. Injini hutema moto chini kwa sekunde mbili au tatu, na malisho ya akiba yakiungua ni ng'ombe waliokufa miezi miwili baadaye. Kanuni za warushaji zinataka ardhi iliyo wazi bila nyasi kavu kuzunguka reli ya kurushia, kipenyo cha mita 15 kwa injini ya J, na watu wasimame angalau mita 30 mbali. Huku ningepanua zote mbili, na ningetaka tangi la maji kwenye pikapu.

Lakini miezi ambayo malisho hayo hayana mifugo ndiyo miezi ya upepo. Tuipige hesabu. Roketi ya kilo 3 yenye injini ya J ikifika mita 1,000 na kufungua parachuti palepale juu, ikashuka mita 6 kwa sekunde, itakaa hewani karibu dakika tatu. Upepo wa mita 8 kwa sekunde, ambao mkazi wa Isiolo hauiti upepo, utaibeba kilomita 1.3. Ukiweka kwanza kiparachuti kidogo kinachoiachia ishuke mita 20 kwa sekunde, kisha kikubwa kifunguke ikibaki mita 150, unapunguza safari hiyo hadi mita 540 hivi. Kwa hilo unahitaji kifaa cha kupima kimo kwa shinikizo la hewa na baruti ya pili, yaani kitu kingine cha kukwama, na baruti nyingine ya kushuka nayo ikiwa hai.

Asubuhi upepo hutulia, kuanzia jua linapochomoza hadi saa tatu hivi. Saa hizo hizo ndizo mifugo hutoka maboma, na wachungaji wake ndio wale wa miaka kumi.

Kanuni husema uwanja uwe na upana wa nusu ya kimo cha roketi au mita 457, lolote lililo kubwa. Upepo wa huku haujaisoma. Mimi ningeishusha roketi badala ya kuutanua uwanja. Kwa roketi ile ile ya pembe nane, mapezi yale yale, ningeweka injini ya I yenye nyutoni-sekunde 400, ambayo itaipandisha mita 500 hivi. Parachuti moja, hakuna kiparachuti, hakuna baruti ya pili. Katika upepo wa mita 5 kwa sekunde itatua zaidi kidogo ya mita 400 kutoka kwenye reli, kilele chake kikionekana kwa macho matupu na mahali pake pa kugusa ardhi pia. Mwenye pikipiki ataifikia kabla mbuzi hawajaanza kuzionja kamba za parachuti.